Kasuku Anapoingia Msimu wa Hasira

Wahenga walisema hakuna masika yasiyokuwa na mbu. Methali hiyo huwafariji watu waliopata baraka yenye usumbufu ndani yake, nami naiona inaifaa sana nyumba yenye kasuku. Mwenye kasuku hupata mengi. Huchekeshwa, husalimiwa arudipo kazini, na hupata mlinzi atangazaye kila mgeni afikaye mlangoni. Lakini mara moja au mbili kwa mwaka ndege huyo huyo hubadilika. Aliyekuwa akiinamisha kichwa ili akunwe, sasa huuma hadi damu itoke. Aliyekuwa akipiga miluzi, sasa hupiga kelele kutwa. Na mtu mmoja wa nyumbani humfanya kuwa wake peke yake, wengine wote wakawa maadui. Wapo wanaodhani amerogwa, wapo wanaosema amepata kichaa, na wapo wanaoamini kwamba ameanza kuwachukia. Hakuna hata moja kati ya hayo. Msimu wake wa kuzaa umefika, naye hana mahali pa kuupeleka.

Naandika habari hii kwa sababu katika nyumba za askari hapa Uganda bado wapo kasuku wazee, waliorithiwa kutoka kwa wazazi. Aidha, nyumba ya askari ina jambo moja lisilokuwamo katika nyumba nyingi nyingine: baba, na siku hizi pengine mama, huondoka kwa miezi mingi, kisha hurudi. Kwa ndege aliye katika msimu, kurudi huko ni sawa na kuvamiwa.

SAJINI NA JAMAA ZAKE

Kasuku wetu anaitwa Sajini. Jina hilo alipewa na marehemu baba yangu, aliyekuwa askari polisi, kwa sababu ya sare yake: kijivu mwili mzima na mkia mwekundu, kama utepe mwekundu wanaouvaa masajini siku ya gwaride. Baba alimpata mwaka 1989 alipokuwa kazini magharibi mwa nchi, siku ambazo ndege hawa walikuwa wakiuzwa hadharani kando ya njia. Sheria ilipobadilika tulimwandikisha kwa wahusika wa wanyamapori, tukapewa karatasi yake.

Baba alifariki mwaka 2014. Sajini alibaki, na sauti ya baba ikabaki naye. Hukohoa kama alivyokuwa akikohoa baba asubuhi kabla ya kuvaa viatu, na huuliza, "Zamu ya nani leo?" kwa sauti ile ile nzito iliyotuamsha sisi watoto miaka mingi. Mama yangu akija kututembelea huweka kigoda karibu na tundu la ndege, akaketi kimya akingoja kikohozi hicho. Msomaji ataelewa basi kwa nini, siku ndege huyu alipoanza kujeruhi watu, shauri la kumwondoa nyumbani halikuwa jepesi.

Kasuku wa kijivu ni mwenyeji wa misitu yetu. Anapatikana Kibale, Budongo na Mabira, na hata katika miti mirefu ya Entebbe na visiwa vya Ssese. Uzito wake ni kati ya gramu 400 na 500 tu, lakini mdomo wake huvunja kokwa la mchikichi, basi kidole cha mtoto si kitu kwake. Akitunzwa vizuri huishi miaka 40 hadi 60, yaani humzika aliyemfuga. Porini hukaa na mwenzi mmoja, hutafuta pango katika mti mrefu, na jike hutaga mayai 2 hadi 5. Jike hulalia kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na dume humletea chakula na kumlisha kwa kucheua. Wakati huo hakuna ndege mwingine anayeruhusiwa kukaribia pango. Ukali wake, kwa hiyo, si ubaya. Huko msituni ndio unaokiokoa kizazi chake.

MWAKA WA KURUDI

Mume wangu ni mwanajeshi. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 alirudi kutoka Somalia, alikokuwa mwaka mzima na jeshi la kulinda amani la Umoja wa Afrika. Katika mwaka huo Sajini alikuwa amenichagua mimi. Alinifuata kwa macho chumba kizima, akacheua chakula mbele yangu, akatandaza mkia nilipopita. Mume wangu alipoingia na kuweka mkoba chini, ndege aliruka moja kwa moja hadi begani pake akamng'ata sikio. Siku ya tatu alimng'ata tena, kwenye kidole gumba. Juma la pili binti yetu, aliyekuwa na umri wa miaka 6, alipita karibu na kiti nilichokuwa nimekalia, naye akaumwa shavuni, chini ya jicho. Kama jeraha lingekuwa juu zaidi kwa upana wa kidole, leo ningekuwa nasimulia habari za jicho.

Usiku ule mume wangu alisema maneno ambayo sijayasahau. "Mama watoto," aliniambia, "mwaka mzima nililala nikiuwaza mlango huu. Nimeufungua, na wa kwanza kunipokea ananiuma." Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Mashauri kutoka kwa majirani hayakukosekana. Mmoja alisema apigwe kijiti kila anapouma, mwingine apakwe pilipili mdomoni, mwingine akatwe ncha ya mdomo. Kasuku hafundishwi na kipigo. Akipigwa hujifunza jambo moja tu, kwamba mkono wa binadamu ni adui. Pilipili haimwashi, kwa maana ndege hawausikii ukali wake kama sisi. Huila kwa furaha. Mdomo nao una mishipa ya damu na fahamu ndani yake. Kuukata ovyo ni kumtesa na kumnyima chakula.

Shauri jingine lilikuwa tumwachie huru msituni. Hilo lilionekana la huruma, lakini ndege aliyekaa katika nyumba ya watu kwa miaka 29 hamjui mwewe, hajui mti upi una matunda mwezi upi, wala hana kundi la kumfundisha. Pia anaweza kuwapelekea ndege wa porini maradhi ya nyumbani. Tena alikuja mtu mmoja, amevaa vizuri, akataja fedha nyingi kwa ajili yake. Tulimwonyesha mlango, kwa sababu nitakazozieleza mwishoni.

MASWALI YA DAKTARI

Tulimwendea daktari wa mifugo anayewajua ndege. Hakuanza kwa kumtazama kasuku, alianza kwa kutuuliza habari za nyumba. Taa huzimwa saa ngapi? Anakula nini, na anakula mara ngapi? Je, kuna mahali penye giza anapopenda kujificha? Wanaomkuna humkuna wapi? Tulipomaliza kujibu alitabasamu, akasema: "Nyumba yenu inamwambia ndege huyu kila siku kwamba mvua imenyesha, chakula ni tele, pango limepatikana, na mke yupo. Mnataka afanye nini?"

Alitueleza kwamba mwili wa ndege una vichocheo viitwavyo homoni, ambavyo huamshwa na dalili za nje. Katika nchi za kaskazini, dalili kubwa ni siku kurefuka wakati wa majira ya kuchipua. Sisi tunaoishi kwenye Ikweta mchana na usiku wetu hulingana karibu mwaka mzima, na ndege wetu huangalia zaidi mvua na wingi wa chakula. Lakini taa ya umeme imeleta jambo jipya. Jua huchomoza hapa kwetu karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni, yaani kama saa 12 za mwanga. Nyumba yenye televisheni inayowaka hadi saa 5 usiku humpa ndege saa 16 za mchana. Mwili wake husoma hapo kwamba wakati mkubwa wa kuzaa umewadia, na husoma hivyo hata Januari.

Kisha alitufundisha kuzisoma dalili za hatari kabla ya kuumwa, kama askari anavyosoma ishara za mwenzake. Mboni za macho hupanuka na kusinyaa upesi upesi. Manyoya ya shingo husimama. Mkia hutandazwa kama upepeo, mabawa hushushwa kidogo, na mwili huinama mbele. Mtu akiona mawili kati ya hayo kwa pamoja, asinyooshe mkono. Arudi nyuma polepole, bila kelele. Kupiga ukelele na kukimbia humpendeza ndege, kwa maana huona kuwa shambulio lake limefaulu.

UTARATIBU TULIOUFUATA

Jambo la kwanza lilikuwa usingizi. Tundu la Sajini lilihamishwa kutoka sebuleni usiku, likawekwa katika chumba cha nyuma kisicho na taa, na likafunikwa kitambaa kinachopitisha hewa. Tuliweka saa 12 za giza na utulivu, kutoka saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Hilo halikugharimu hata shilingi moja, nalo ndilo lililoleta mabadiliko makubwa kuliko yote.

La pili, chakula. Mbegu za alizeti na karanga zina mafuta mengi, na vyakula vya moto na laini kama wali uliotoka jikoni humkumbusha ndege namna anavyolishwa na mwenzi. Tulipunguza hivyo, tukampa mboga za majani, karoti, boga, mahindi machanga, na kunde zilizochemshwa na kupoa. Hapa sina budi kuwaonya wasomaji jambo moja, kwa kuwa miti ya maparachichi imejaa nyuani kwetu: parachichi ni sumu kwa kasuku. Hali kadhalika asipewe chokoleti, chumvi nyingi, wala pombe kwa mzaha wa wakubwa.

La tatu, pango. Kasuku katika msimu hutafuta uvungu wa kitanda, kabati lililo wazi, sanduku tupu, hata kiatu kikubwa cha jeshi. Akishapata mahali hapo huona ana mji wa kuulinda, na kila apitaye ni mvamizi. Tulifunga makabati, tukaondoa maboksi, tukabadilisha mahali pa tundu pamoja na vijiti vyake vya kutulia, ili mahali pasizoeleke kama ngome.

La nne, mikono. Watoto na wageni hupenda kumpapasa kasuku mgongoni, chini ya mabawa na karibu na mkia. Kwa binadamu hayo ni mapenzi ya kawaida, lakini kwa kasuku ni uchumba. Akunwe kichwani na shingoni tu, na katika msimu hata huko kupunguzwe. Akicheua chakula kwa ajili ya mtu, mtu huyo asicheke wala asimkemee. Aondoke kwa upole akafanye kazi nyingine.

La tano, kazi. Porini kasuku huruka mwendo mrefu kila siku kutafuta riziki, ilhali tundu lina upana wa dhiraa mbili. Nguvu isiyo na kazi hugeuka hasira. Tulificha chakula ndani ya magunzi ya mahindi, katika karatasi zilizokunjwa, na katika vifuu vya nazi vilivyotobolewa, ili atumie saa nzima kutafuta alichokuwa akikila kwa dakika 5. Asubuhi zenye jua tulimnyunyizia maji, naye akatandaza mabawa kama mtu anayeoga mvua.

La sita, usalama. Kwa msimu mzima hakuna aliyeruhusiwa kumweka begani, kwa maana bega liko karibu na macho. Alipandishwa kwenye kijiti kirefu badala ya mkono. Watoto walipangiwa umbali wao, na binti yetu akapewa kazi ya heshima: kuandika katika daftari dalili za macho na mkia kila siku. Mtoto aliyeumwa akipewa ujuzi, hofu yake hupungua.

KARANGA ZA BABA

Lilibaki suala la mume wangu. Daktari alisema kwamba ndege asilazimishwe kumpokea, na baba naye asilazimishwe kujifanya hajali. Basi tulifanya hivi. Karanga zote za nyumba zilipita mkononi mwa mume wangu peke yake. Mimi sikumpa ndege hata moja. Kwa juma la kwanza alipita mbali, akatia karanga moja katika kikopo cha tundu, akaenda zake bila kumtazama. Juma la pili alikaa upande wa pili wa chumba akisoma gazeti kwa sauti ya chini. Hakumsemesha ndege, aliisomea hewa tu. Alipoona mboni zinacheza, alisimama akaondoka. Alipoona ndege ametulia, alisogeza kiti hatua moja.

Niliwatazama wawili hao nikaona kwamba hawakuwa wakifundishana wao tu. Mtu aliyekaa mwaka mzima akiishi kwa amri na tahadhari hawezi kuingia katika nyumba akadai kila kitu kiwe kama alivyokiacha. Watoto walikuwa wamekua, nami nilikuwa nimezoea kukata mashauri peke yangu. Wote tulihitaji mtu asiyeharakisha. Ilikuwa rahisi zaidi kujifunza hayo kupitia kwa ndege, kwa sababu ndege hakuficha alichokuwa akikihisi.

Mwishoni mwa Novemba msimu ulianza kupoa. Wiki moja kabla ya Krismasi Sajini alinyoosha shingo akachukua karanga kutoka katika vidole vya mume wangu, polepole, kama mtu anayepokea barua. Tangu wakati huo msimu umerudi kila mwaka, na hatujaumaliza, wala hatukutarajia kuumaliza. Lakini uliokuwa wa miezi mitatu sasa ni wa majuma machache, na damu haijamwagika tena. Mume wangu alipoondoka tena kikazi mwaka 2021, Sajini alikuwa ameongeza sauti mpya katika hazina yake: mluzi mfupi wa mume wangu anapoingia mlangoni. Watoto walizoea kukimbilia mlango kila waliposikia, kisha wakarudi wakicheka. Mama yangu aliposikia kikohozi cha baba na mluzi wa mkwewe vikifuatana, alisema tu, "Nyumba imejaa."

MANENO KWA WENYE KASUKU

Wenye kasuku majike wawe na uangalifu zaidi. Jike aliyechochewa mno hutaga mayai mfululizo hata bila dume, na kasuku wa kijivu ni wepesi wa kupungukiwa na madini ya chokaa mwilini. Akionekana anatetemeka, anaanguka kutoka kijitini au anahangaika kwa yai lisilotoka, apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Hali kadhalika ndege anayejinyonyoa manyoya, au ambaye ukali wake umeanza ghafla nje ya msimu, achunguzwe kwanza, kwa kuwa maumivu nayo huuma.

Na kwa yule asiyekuwa na kasuku ambaye sasa anamtamani, neno langu ni fupi: asimnunue. Mwaka 2016 kasuku wa kijivu aliwekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na tangu Januari 2017 mkataba wa kimataifa umepiga marufuku biashara ya wale wanaotoka porini. Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamfanya mtu kuwa mkosaji akimweka mnyama wa porini aliyehifadhiwa bila kibali. Ndege wengi wanaotegwa kwa ulimbo na nyavu hufa njiani kabla ya kufika sokoni, wamebanwa katika masanduku. Ndiyo maana tulimwonyesha mlango yule mtu mwenye fedha. Askari polisi na wanajeshi wetu walioko mipakani ndio mara nyingi hukutana na masanduku hayo kwanza, na itakuwa aibu ikiwa wake na watoto wao ndio wanunuzi.

Lakini kwa yule ambaye tayari amerithi ndege wa namna hii, na sasa anaona damu kidoleni, nasema: zima taa mapema, ficha maboksi, punguza karanga, linda macho ya watoto, na uhesabu majuma. Usimpige, usimuuze, wala usimtupe. Hasira yake ina mwanzo na ina mwisho, kama mvua.